Aliyeng'oa Kichwa

Juzi, nikiwa na pikipiki yangu kubwa ya safari nje kidogo ya mji wa Mtama, mtoto wa kike alinikimbia, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, kijijini Nyangamara.

Nilikuwa nampelekea babu uji shambani. Mikorosho ilinuka salfa, dawa ya ukungu iliyopuliziwa. Ghafla ardhi ikatetemeka, na pikipiki kubwa kama ng'ombe ikasimama mbele yangu, ikinuka mafuta ya moto. Aliyekuwa juu yake hakuwa na uso. Alikuwa na kioo cheusi tu, na ndani yake nilijiona mwenyewe, mdogo kama sisimizi.

"Shikamoo," nikasema.

Kimya. Bibi alishatuonya: "Asiyeitikia shikamoo, huyo si mtu. Mkimbieni!" Nilikuwa bado najikaza pale alipojishika shingoni kwa mikono miwili, akaanza kung'oa kichwa chake. Nikautupa uji, nikakimbia huku nalia.

Sikujua kwamba alikuwa anavua kofia ngumu ili anisikie, aniitikie.

Yule mtoto wa juzi naye aliniamkia. Nilizima injini, nikaishika kofia kwa mikono miwili, nikaivua haraka. Alishapotelea mikoroshoni. Nikabaki na kofia mkononi, na marahaba mdomoni.