Mtoto Asiyeshtuka Mchi

Majina ya watoto wote waliozaliwa katika ukoo wetu ninayo kichwani, ila humu siyaandiki. Nitasema habari za huyu mjukuu wangu tu, binti wa kwanza wa mwanangu.

Nyumbani kwetu mtoto mchanga hulazwa karibu na mlango wa jiko, bibi akitwanga. Mchi ukipiga anashtuka, mikono juu, analia. Basi tunacheka, tunasema kafika.

Huyu hakushtuka. Nilitwanga, nikatwanga, yeye kalala. Wifi yangu aliyekuja toka Muze akafurahi.

"Mmepata mtulivu. Wa kwangu walinitoboa masikio."

Mimi sikufurahi. Nilimgusa wayo kwa kidole cha baridi, na asubuhi za huku kidole ni barafu. Akakunja mguu polepole, kama mtu anayefikiria kwanza.

Tukampeleka Sumbawanga mjini. Nesi akatikisa kengele ndogo pembeni ya sikio, akangoja, akatikisa tena. Kisha akamuuliza mkwe wangu, mama wa mtoto, "Ulikuwa unakunywa, dada?"

"Ya ulezi tu, ile ya kuvuta kwa mrija chunguni, na wenzangu wakati wa kuvuna."

"Hata ya ulezi ni pombe. Ulichovuta kwenye mrija, na yeye kilimfika."

Mkwe akainamisha kichwa. Nesi hakumgombeza. Alisema masikio yanasikia, ila mwili unachelewa kujibu, na utachelewa hadi lini hajui. Tumwongeleshe, tumshikeshike, tumrudishe kliniki.

Tulimwongelesha mpaka majirani wakatucheka. Nilimsugua nyayo huku namwimbia kwa Kifipa. Wenzake walikuwa wameshaanza kukaa ndipo naye akaugeuzia mchi shingo. Siku hiyo unga ulinimwagika.

Mwaka huu mkwe akapata mimba tena. Siku ya kuvuna, wifi akamsogezea mrija wa chungu cha pombe. "Vuta, mtoto apate damu."

"Shangazi, mimi nimechemsha togwa yangu, haijachacha."

"Togwa ni ya watoto."

"Si ndiyo? Anayekunywa ni nani humu?" Akajishika tumbo. Wanawake wakacheka, na wifi naye, chungu kikaenda kwa mwingine.

Amezaliwa wa kiume. Juzi nimemlaza palepale mlangoni, nikainua mchi. Pigo la kwanza tu, mikono juu, kilio.

Dada yake, ambaye maneno bado yanamjia taratibu, alikuwa uani anacheza na magunzi. Akayaacha, akaja, akaushika mchi wangu kwa mikono miwili.

"Bibi," akasema. "Kelele. Mtoto."

Nikauweka chini.