Miti Mitatu Mbele ya Mlango

Jumamosi iliyopita hapa mtaani kwetu, Tena, nilimkuta jirani yetu mpya, dereva wa lori, akichimba kipande cha ardhi kati ya mlango wake na wangu. Alipanda miti mitatu ya Krismasi, mifupi kama ndoo, akaizungushia waridi na rozmari.

Mama wa ghorofani alinivuta kanga. "Mama Mtoto, amka! Huyo anaweka mpaka. Jana nilimwona akipima kwa mpini wa jembe. Leo miti, kesho ua wa miiba ya kayaba, keshokutwa geti. Nepi utaanika wapi?"

Nilishtuka, maana hapo ndipo tunapopata jua. Na kwetu Kakamega miti hiyo hupita paa. Nikamwendea, mtoto mgongoni.

"Mzee, hiyo miti ikikua si itatuzibia jua?"

Alifuta mikono kwenye suruali, akaonyesha kiuno chake. "Itakoma hapa, mama. Ni aina isiyorefuka. Nilipima kimo cha kamba yako ya nguo kwanza, ndipo nikaenda kununua miche."

Nikapanda ghorofani kupeleka habari.

Mama yule alichungulia dirishani. "Hata Edeni ilikuwa bustani," akasema, "na watu walifukuzwa."

Lakini jioni nilimwona akishuka na jagi. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akamwagilia waridi haraka haraka kama mtu anayeiba.