Inzara za Paka

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi Ujiji kutoka Kidahwe, alikuja na begi moja na paka mzee wa kijivu. Watu wa kwao walihamia huko zamani kutoka Burundi, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni. Kirundi changu kilikuwa cha kuombea maji. Mume wangu, mkalimani wetu, huwa safarini na maboti ya mizigo. Basi tukabaki wawili, tukichekeana tu.

Paka akaanza kuchechemea, kisha akaacha kutembea kabisa. Mama akawa ananionyesha paka na kusema, "Inzara! Inzara!" Neno hilo nalijua: njaa. Majirani zangu Warundi hulisema kila siku. Nikamletea dagaa. Nikamletea mgebuka, samaki wetu wa ziwani, tena ule mnono. Paka ananusa, anageuza uso. Mama anatikisa kichwa: "Inzara!" Jamani, niliudhika! Njaa gani inayokataa mgebuka?

Asubuhi moja nikamkuta amempakata, macho mekundu. "Huyu akifa," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "mimi narudi Kidahwe." Huko mzee wake ameshafariki, nyumba imefungwa, hakuna hata wa kumchotea maji. Nikaogopa kweli. Nikampigia mume wangu, nikampa mama simu. Iliporudi kwangu, mwanaume alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Mke wangu, utampasua paka wa watu! Inzara ni njaa, na inzara ni kucha pia. Ukivuta sauti kidogo tu, maana inageuka. Hebu mtazame miguu."

Lahaula! Nikachuchumaa. Sikuwahi kuutazama mguu wa paka kwa karibu. Nikabonyeza kidole taratibu, ukucha ukachomoza wenyewe. Nilipouelekeza dirishani, nikaona ndani yake mstari mwembamba wa waridi: damu, inaishi humo humo. Kumbe! Nikaendelea kubonyeza hata pasipo haja, nione tu zinavyotoka na kurudi zinakojificha. Mama akanichapa mkono kidogo: kazi, mwanangu.

Akamviringisha kwa kanga, ukabaki mguu na kichwa. Nikachukua kikata kucha cha mume wangu, na atajijua mwenyewe, nikakata ncha tu, mbali na ile waridi. Ukucha wa gumba ulikuwa umejipinda mpaka ukazama kwenye nyama. Nilipoukata na kuuvuta, paka aliniuma kisawasawa, kisha akatulia. Tukamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Jioni yake alikwenda mwenyewe jikoni, akala. Mama akapiga vigelegele, na mimi nikaitikia.

Nilipotaka kukirudisha kikata kucha, alinishika mkono. Akaketi kitandani, akavua soksi zake polepole. Kucha za miguu zilikuwa ndefu, ngumu, zimepinda, na ya kidole gumba imeingia nyamani. Mgongo wake haukunjiki tena, na kumwomba mwanawe wa kiume aliona haya.

"Nanje," alisema. Na mimi.

Mara ngapi alinionyesha chini pale mezani akisema inzara, nami nikamwongezea ugali? Naye akaula, maskini, asiniudhi. Nikauweka mguu wake pajani mwangu. Ulikuwa wa moto, umevimba, na yeye ndiye aliyekuwa akinipapasa kichwa, akinibembeleza nisilie.