Mbuzi Mmoja, Wafadhili Tisa

Aibu yangu mnaijua nusu, ile nusu anayoisimulia Mwalimu Gwandu kila akisimama dukani, kwa hiyo leo naisimulia nzima mimi mwenyewe: ndiyo, niliwatumia watu tisa picha ya mbuzi mmoja, na ndiyo, mbuzi mwenyewe alikuwa ameshaliwa. Ila mwizi siyo mimi. Hilo nitalirudia mpaka mchoke.

Naserian nilisoma naye sekondari. Ukame ulipomaliza mifugo ya mama yake kule Ngorongoro, mama akabaki na boma tupu na wajukuu wanaokunywa chai ya rangi (kwa Wamaasai, nyumba isiyo na maziwa ni kama nyumba yenye msiba), nikasema tumchangie mbuzi. Sisi wa Rhotia tunachangia harusi, tunachangia mazishi, mbuzi watatushinda? Tatizo ni kwamba watu wamechoka kutoa halafu kimya, hujui ulichotoa kimefika au kimeishia njiani. Basi mimi, ambaye mambo ya simu nimejifundisha mwenyewe kwa kutazama video (cheti sina, nina macho tu), nikaja na mpango: kila atakayetoa mbuzi atatumiwa kwenye simu yake picha ya mbuzi wake mwenyewe, pamoja na sauti ya Mama Naserian akimshukuru kwa jina. Wakajitokeza tisa. Tukanunua mbuzi jike tisa mnadani, wakafika salama, Mama Naserian akarekodi sauti tisa bila kukosea hata moja.

Aliyekosea ni mimi. Naserian alinitumia picha za wale mbuzi na nilipozifungua nikataka kulia: mmoja ana pembe moja, mwingine amegeuza makalio, mwingine uso wote umejaa kinyesi. Mimi nina ugonjwa, kitu kisiponyooka kinaniwasha mwili mzima. Nikamwandikia Naserian, "Mbuzi wa mama wana sura mbaya jamani, niachie nitarekebisha." Sasa kwenye simu yangu nilikuwa na picha ya mbuzi mwingine niliyoipiga siku ile ile ya mnada, mweupe, shingo ya kahawia, anaitazama kamera kama bwana harusi. Nikasema nimtume huyu kwa Mwalimu Gwandu peke yake, maana Mwalimu hukosoa hata mahubiri. Mwalimu akajibu, "Hapo sawa! Huyu ndiye mbuzi!" Nikanogewa. Nikamtuma huyo huyo kwa wa pili, nikamgeuza atazame kushoto. Wa tatu nikamwekea kilima nyuma. Wa nne nikamkoleza rangi. Mpaka wa tisa (naona haya kuandika hili) nikamwekea machweo.

Jumapili baada ya ibada, uwanjani, Mwalimu akaanza kuringa na simu yake.

"Tazameni kiumbe hiki. Mimi sitoi vitu vya hovyo."

"Lete nione. Mbona kama wangu?"

"Wako anatazama kushoto, mama."

"Na wangu amesimama mlimani, lakini uso ni huu huu!"

Simu zikaanza kulinganishwa. Nikacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Hapo ndipo simu ya Mwalimu ikafika mikononi mwa Mzee Saning'o, mfugaji wa Ololosokwan aliyekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa kwetu, naye ni mmoja wa wale tisa, ila simu yake ya kitochi haifungui picha. Akaishika mbali na macho, kisha akanigeukia mimi.

"Binti, huyu ni dume."

"Shikamoo mzee, labda ni pembe tu zinazo..."

"Marahaba. Ni dume, na nimemhasi mwenyewe. Hili sikio nimelikata kwa kisu changu. Nilimuuza mnadani kwa mchoma nyama, akachinjwa jioni ile ile nikiwa nimesimama pale."

Kisha Mwalimu: "Kwa hiyo mimi nimefadhili mishkaki?"

Kicheko kikalipuka, lakini hakikudumu. Mmoja akasema hakuna mbuzi, kuna picha tu. Mwalimu akatangaza kesho gari liende Ngorongoro, na kama mbuzi wapo kweli, warudishwe wauzwe, kila mtu achukue chake. Hapo nikapandwa na hasira. Wale mbuzi walikuwa wameanza kuwapa wale watoto maziwa! Nikapanda juu ya benchi, mimi ninayeogopa hata kusoma matangazo, nikasema, "Nitukaneni mimi. Yule mama msimguse." Nikapiga simu ya video, nikaiunganisha na spika ya kwaya ili asikose mtu kusikia.

Mtandao ukakata mara mbili. Mara ya tatu akatokea Naserian, kisha mama yake. Nikakiri yote. Sauti ya Mama Naserian ikatoka kwenye spika, uwanja mzima:

"Kwa hiyo Paulina, ni kweli ulisema mbuzi zangu zina sura mbaya?"

Ningepata shimo ningeingia. Lakini yeye alishaanza kutembea zizini, Naserian akimfuata na simu.

"Huyu wa pembe moja ni wa Mwalimu Gwandu. Mwizi! Jana amekula shuka yangu. Huyu mpole ni wa Mama Tluway, anatangulia kukamuliwa. Huyu ni wa Mzee Saning'o."

"Geuza nione kiwele," akasema Mzee. Akatazama. "Jike. Na ana mimba."

Akawataja wote tisa, mbuzi na mtu wake, bila kusoma popote. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akasogea karibu na skrini.

"Hiyo pembe ilivunjikaje? Mwambieni asimfunge kamba kwenye pembe, amfunge shingoni."

Gari la kesho halikutajwa tena na mtu.

Wawili walijitoa kwenye grupu letu la michango, waende salama. Mwalimu ananiita Beberu mpaka leo, nami naitika. Wapo wanaonishauri niachane na mambo ya simu, nizungushe kikapu kama zamani. Siachi. Nilichoacha ni kupamba: picha ikija na kinyesi usoni inakwenda na kinyesi usoni, mwili uniwashe utakavyo. Anayetaka mbuzi mzuri aende mnadani. Anayetaka mbuzi wake, namba yangu anayo.