Ndiyo Yangu na Yes Yao

Kuandika programu hakukunitisha. Kiingereza ndicho kilichonitoa jasho, tena kwenye baridi ya mtaani kwetu Katandala, ambako watu hawavui sweta mpaka jua lipande. Nyumbani tulisema Kifipa, shuleni na mjini Kiswahili, na Kiingereza nilikijua kwa kukisoma tu kwenye kompyuta. Kukizungumza, thubutu! Kila tangazo la kazi ya nje lililotaja usaili wa mazungumzo nililipita kama sikuliona.

Mwishowe nikaomba moja, nadhani kwa hasira ya kujichoka mwenyewe. Ilikuwa kampuni ndogo ya Ulaya, na atakayepata angehamia huko. Siku ya usaili mama alizunguka kwa majirani kuwaomba wapunguze redio. Mimi nilikaa chumbani mbele ya kompyuta, juu shati la kanisani, chini kaptula.

Aliyenisaili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Aliuliza kwa Kiingereza, "Hujawahi kufanya kazi na timu kubwa?"

"Yes," nikajibu upesi, nikimaanisha ndiyo, sijawahi.

Uso ukamchangamka. "Vizuri sana! Hebu tueleze kuhusu hiyo timu."

Timu ipi tena? Miaka yote nilikuwa nimefanya kazi peke yangu, pembeni ya kitanda. Niliona kazi inaniponyoka, na juu yake naonekana mwongo. Kubuni timu ningeweza, lakini wazo lenyewe lilinikera. Nikamwambia samahani, nimekujibu Kiswahili kwa neno la Kiingereza. Kwetu mtu akikuuliza, "Hujala?" nawe una njaa, unasema "Ndiyo," yaani ni kweli, sijala. Nikamsimulia jinsi mama anavyoniuliza hivyo kila nikichelewa kurudi, na jinsi hiyo "ndiyo" inavyoleta sahani. Sarufi niliivunjavunja, mambo ya jana nikayasema kama ya kesho. Sikujali, nilitaka anielewe tu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia Kiingereza na yeye alijifunzia ukubwani, na kwamba alipoanza kazi alikuwa akiona simu inaita anajifanya yuko bize. Moyo ukanitulia. Tukaendelea na maswali ya kazi, nikayajibu kwa Kiingereza changu kilekile cha kuungaunga, na nilipokosea nilirudia.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, asubuhi, mama akiwa uani anapepeta ulezi.

"Nimepata, mama," nikamwambia kwa Kifipa.

Alipiga vigelegele, akanikumbatia na makapi yake mikononi, akaniambia alijua tu. Nilikuwa na furaha ya kutaka kukimbia hadi Mazwi, mjini kati, na kurudi. Kisha akaokota ungo, akaanza tena kupepeta.

"Sasa mwanangu, unaondoka lini?"

Nikauchukua ungo mikononi mwake, nikapepeta mimi. Lugha zote tatu zikanikimbia.