Hakimu Asiyekuwemo Kitabuni

Nianze na ukweli: mwalimu huyu nilikuwa simpendi. Tulikaa meza moja kwenye chumba cha walimu kwa miaka kumi na minne, yeye wa fasihi, mimi wa hesabu, na katikati yetu aliweka safu ya vitabu kama ukuta wa jirani mgomvi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ukurasa, maana ukimwambia lolote, hata kwamba mvua inanyesha, atakuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Jina hilo alilijua na alilipenda, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, viatu vinang'aa kuliko vya mkuu wa shule. Mume aliwahi kuwa naye, wakaachana. Siku moja nilimchokoza, "Dada, hivi shemeji alikukosea nini?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Hakunikosea. Alikuwa mhusika bapa tu. Nilimsoma siku mbili nikammaliza." Chumba kizima tuliangua kicheko. Yeye wala, aliendelea kusahihisha.

Lakini kufundisha, loh, alijua! Ukipita nje ya darasa lake ungedhani wanasengenya mtaa. Bibi fulani wa tamthilia ya kale ana wivu, haya, wivu wenyewe umetoka wapi? Tajiri fulani ni mkarimu, sawa, lakini anatoa sadaka nani akimtazama? Wahusika waliotungwa kabla babu zetu hawajazaliwa aliwazungumzia kama wapangaji wenzake, anajua nani hapati usingizi na kwa nini. Watoto waliokuwa hawasomi hata kibao cha duka walitoka kwake wakibishana juu ya dhamira na migogoro njia nzima.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila unalosema juu ya mhusika litoke kitabuni, na ukurasa uutaje. Nje ya kitabu hakuna kitu. Ya pili, kazi yoyote iliyopata chini ya alama nane kwa ishirini iende nyumbani, mzazi aisome, atie sahihi, irudi asubuhi. Hiyo ya pili aliitunga yeye, na shule nzima tukaiga, mimi nikiwemo. Naisema mapema ili nisije nikajifanya malaika huko mbele.

Muhula huo Kidato cha Tatu walikuwa wanasoma riwaya moja kongwe kuhusu hakimu. Hakimu anaheshimiwa na mji mzima, mkewe anadhoofika polepole, mwishoni anakufa. Mwandishi anasema ni homa, basi, kitabu kinakwisha. Mwalimu Ukurasa aliwapa swali: jadili sifa za hakimu kama mume na kama baba, kisha eleza dhamira kuu ya riwaya.

Darasani humo alikuwemo binti mmoja, dawati la mwisho, mtoto wa mwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Baba yake tulimpenda sote. Ukienda na kikohozi atakuuliza hali ya watoto wako, na atawataja mmoja mmoja. Koti lake jeupe, kucha safi, sauti ya chini. Binti mwenyewe alikuwa haongei. Hata kwangu, ukimwita ubaoni, alitazama mlangoni kwanza ndipo akashika chaki. Niliona, nikasema ni aibu za usichana.

Jumanne, mapumziko ya saa nne, Mwalimu Ukurasa alikuwa anasahihisha huku anaguna.

"Huyu mtoto ametia chumvi mpaka chakula hakiliki," akasema. "Amemwekea hakimu redio! Hakimu wa zama za mishumaa!"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Akampa tatu kwa ishirini.

Baada ya kipindi binti akamfuata mpaka mezani kwetu. Alisimama karibu sana na kiti, kama mtu anayeogopa kusikika.

"Mwalimu, naomba niandike upya. Leo leo. Hata mara tano. Ila isiende nyumbani."

"Kwa nini isiende?"

"Baba ana kazi nyingi."

"Sahihi ni kazi ya nusu dakika."

"Basi naomba mama atie sahihi."

Hapo mwenzangu akaona anafanyiwa ujanja. Kufanyiwa ujanja na mwanafunzi ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote. "Wala usijisumbue," akamwambia. "Mchana naenda dukani kwenu kununua dawa ya macho. Daftari hili nitampa baba yako mwenyewe, mkononi."

Binti alilitazama lile daftari. Kisha akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka, na mimi nikarudi kwenye milinganyo yangu kama kawaida.

Jumatano asubuhi daftari lilirudi, lakini alilileta baba. Aliingia chumba cha walimu na koti lake jeupe, akatusalimia mmoja mmoja. Binti ana homa kidogo, akasema, atapumzika siku chache. Akaliweka daftari mezani kwa mikono miwili. Chini ya zile alama tatu alikuwa ametia sahihi na kuandika kwa mwandiko mzuri ajabu: *Nimesoma yote. Nashukuru kwa kunijulisha. Halitatokea tena.*

"Unaona?" Mwalimu Ukurasa akaniambia alipotoka. "Mzazi wa mfano. Wangekuwa wote hivi tungekuwa mbali."

Sijui ni kitu gani kilinifanya nilivute lile daftari. Nadhani ni neno homa, maana riwaya ile na mimi niliisoma shuleni, na nakumbuka lilivyoniudhi. Nilifungua nikaanza kusoma. Binti alikuwa ameandika hivi:

*Hakimu akirudi nyumbani kwanza huvua saa na kuiweka juu ya kabati, isivunjike. Kisha hufunga madirisha mawili ya upande wa barabara. Kisha huongeza sauti ya redio. Kutoka kwenye redio mpaka jikoni aliko mkewe ni hatua saba. Mtoto wake huzihesabu akiwa chini ya meza. Ikifika hatua ya tano mama huanza kusema nisamehe, ingawa hajaulizwa kitu. Asubuhi hakimu huleta dawa mwenyewe na kumpaka mkewe polepole, kwa upendo. Dhamira kuu ya riwaya hii ni kwamba wote wanaomsalimia hakimu barabarani wanajua.*

Pembeni kulikuwa na wino mwekundu. *Redio?? Ukurasa wa ngapi? Uzushi! Hatua saba umezipima wewe?* Na mwisho kabisa: *Hakuna anayejua. Hili halipo. Soma kitabu.*

Mimi ni mtu wa hesabu jamani, sijui mafumbo ya fasihi, lakini idadi naijua. Anayetunga huandika hatua kadhaa, hatua nyingi. Saba anaziandika aliyezihesabu, tena si mara moja.

"Hebu soma hii tena," nikamwambia. "Taratibu."

"Nimeshaisoma. Haimo kitabuni."

"Najua haimo kitabuni, mama wee! Sasa imo wapi?"

Alinitazama kwa hasira, akavaa miwani. Nikamwona macho yanashuka mstari kwa mstari. Yalipofika kwenye dawa yakasimama, yakapanda juu, yakaanza upya. Mtu aliyetumia maisha yake yote kufichua siri za watu wasiokuwepo, leo anasoma kuhusu mtu anayemsalimia kila siku. Akavua miwani, akalifunga daftari.

"Nimempelekea mimi," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Hatukuomba ruhusa. Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii, mtaa wa pili. Afisa alikuwa mama wa makamo, mafaili yamemjaa mpaka dirishani. Alisoma ukurasa wote, kisha akageuza daftari na kuonyesha kwa kidole.

"Mwalimu, huu mwekundu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika uzushi. Umeandika hili halipo. Nikisimama na daftari hili mbele ya yule bwana, hahitaji wakili. Atanisomea maneno yako."

Miaka kumi na minne nimekaa na mwanamke yule, nimemwona akibishana na wakaguzi, na mapadri, na hata mchapishaji wa kamusi. Sijawahi kumsikia akisema alichosema pale. "Nimekosea," akasema. "Niandike nimekosea, nitie sahihi popote unapotaka."

Afisa akashusha pumzi. "Sina kibali cha kuingia ndani, lakini kuuliza hali siwezi kukatazwa. Twendeni."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, inatazama barabara ya pili, ngazi tatu na mlango wa kijani. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu wanapita na mizigo yao. Baba alifungua mwenyewe. "Oh, walimu! Mmekuja kumwona mgonjwa? Mmenitia moyo kweli." Nyuma yake alisimama mkewe, anatabasamu, mkono mmoja ameuficha mgongoni. Hakutoka kwenye kivuli cha mlango.

Afisa akajitambulisha, akaomba azungumze na binti peke yao, dakika tano tu. Baba hakukataa. Alimwita, tena kwa upole, na mtoto akaja akitembea kwa kuegemea ukuta. Baba akamwekea mkono begani. "Mwanangu, hawa wanataka muongee pembeni. Unataka?"

Binti akatikisa kichwa kukataa.

Hapo Mwalimu Ukurasa akapanda ngazi moja. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mwanangu, yale uliyoniandikia. Niambie tu. Mimi nakuamini."

Yule mtoto alimtazama. Nilitafuta chuki usoni mwake, ingekuwa afadhali, lakini sikuiona. Alimtazama kama unavyotazama duka ulilokuta limefungwa.

"Ilikuwa hadithi tu, mwalimu," akasema. "Nilizusha. Ulisahihisha vizuri."

Baba akacheka kidogo. "Watoto hawa!" Akatushukuru tena, akatuuliza kama tunahitaji maji ya kunywa, akafunga mlango.

Afisa aliandika mambo mawili matatu kwenye karatasi yake. Leo hana la zaidi, akatuambia, mtoto amekana kwa mdomo wake. Ataomba kibali, atarudi Jumatatu. "Jumatatu!" nikafoka. "Kuanzia leo mpaka Jumatatu kuna siku ngapi, unazijua?" Alisema anazijua, na ana kesi nyingine tisa, na hakunikasirikia. Akaenda zake.

Mwalimu Ukurasa hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi ya juu kabisa, mgongo wake umegusa mlango. Nikamwambia, dada, watu wanatutazama, yule bwana anaweza kuita polisi. "Aite," akasema. "Hao ndio ninaowataka." Wapita njia walikuwa wakimsalimia, na yeye kila anayemsalimia alimwambia kwa sauti ile ile ya darasani kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtoto na mama wanaopigwa. Wengine walicheka kwa aibu. Wengi waliinamisha vichwa na kupita haraka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Nani kasema?" Nikaona nyuso zao, nikajua yule mtoto aliandika sawa.

Nikakaa karibu naye. Nyuma yetu, upande wa ndani, tukasikia komeo la dirisha linasukumwa, kisha la dirisha la pili.