Kosa Moja Kila Asubuhi

Kuna watu wakistaafu wanastaafu kweli, wanalala mpaka jua liwachome mgongo. Sista si wa hivyo. Miaka thelathini na minne alikuwa muuguzi, kumi na moja ya mwisho akiwa msimamizi wa wodi, na hata leo mtaa mzima unamwita Sista, kuanzia muuza mkaa hadi mumewe wa ndoa. Saa kumi na mbili kasoro kitanda chake kimeshatandikwa, pembe za shuka zimekunjwa utadhani zimepigiwa pasi palepale. Huyu mama anaweza kufunga kidonda huku amefumba macho. Lakini jembe? Jembe alikuwa hajalishika tangu aolewe.

Jembe lilikuwa la mumewe, Baba Pacha. Yeye alikuwa mtunza bustani wa hospitali ileile, na siku walipotangaza ndoa manesi walicheka wee, eti Sista anaolewa na mmwagiliaji maua. Wacha wacheke. Baba Pacha alikuwa mbishi wa kupindukia, mtu wa kubishana na redio mpaka redio izimwe kwa huruma. Nyuma ya nyumba yao kuna uwanja mdogo, hatua kumi na tano kwa tisa, na hapo ndipo alipomalizia jioni zake zote, baada ya kutwa nzima kwenye bustani ya watu. Sista alikuwa akitoka zamu anapita moja kwa moja kwenda kulala. Kwake yeye uwanja ule ulikuwa mahali pa kuanikia sare.

Kisha kiharusi kikampiga Baba Pacha. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia, kikachukua na maneno yote, kikamwachia moja tu: "Sawa."

"Baba Pacha, chai?"

"Sawa."

"Au hutaki chai?"

"Sawa."

"Basi nikufunge kamba nikuanike juani na mashuka?"

"Sawa."

Sista alicheka, akaingia jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia. Mtu aliyeolewa naye hakuwa mtu wa sawa hata siku moja.

Kila Alhamisi alikuja binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimnyoosha mzee, akamsimamisha, akamhesabia, halafu siku moja akamvuta Sista ukumbini. "Mama, nguvu anazo. Nikimsimamisha anasimama, nikimwachia anakaa. Nia ndiyo haipo."

"Na isipokuja?"

"Huu ni mwezi wa tatu. Asipoanza kuinuka kwa kutaka mwenyewe, mguu utakakamaa hivyohivyo, na kuurudisha itakuwa shughuli. Mama, wewe mwenyewe ni muuguzi, nikufiche nini?"

Sista alimwangalia mumewe kwenye kiti chake mbele ya dirisha la sebule, akitazama uwanja uliojaa magugu hadi magotini. Akajisemea kwamba mtu hawezi kutaka kusimama kama anachokitazama kutwa ni kifo cha kazi yake. Kesho yake akajifunga kibwebwe, akalitoa jembe stoo.

Jamani, yule mama alilima! Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, akavifunga bandeji vizuri sana, akarudi. Siku ya tatu matuta yalikuwa tayari, manne, yamepimwa kwa futi ya fundi na kunyooka kama vitanda vya wodi. Miguuni mwa kila tuta akachomeka kijiti chenye kadi: "Kitanda namba moja. Nyanya. Amelazwa Jumatatu." Usicheke. Kila mtu huanza na anachokijua.

Na kwa kuwa alianza na anachokijua, akafanya kosa ambalo mkulima hawezi kulifanya hata akiwa amelewa. Aliutazama ule udongo, mweusi, una harufu, una vitu vinatembea ndani, akaona haiwezekani. Utamlazaje mtoto mchanga kwenye kitanda kichafu? Akachukua dawa ya kusafishia sakafu, ile nyeupe yenye harufu kali, akaikoroga ndoo tatu, akanywesha matuta yote. Uwanja mzima ukanuka hospitali. Baada ya muda kidogo nyungunyungu wakaanza kutoka ardhini, mmoja, wawili, kumi, wanajinyonganyonga.

"Mnaona!" Sista akasema, mikono kiunoni. "Ndiyo maana nyumba zinaugua."

Ko! Ko! Ko!

Alikuwa Baba Pacha, anagonga kioo cha dirisha kwa mkono wa kushoto, macho yamemtoka. Sista alitupa ndoo, akakimbia ndani roho mkononi, akijua kiharusi cha pili hicho. Akamshika mapigo ya moyo, akamtazama mboni. "Wapi panauma? Nionyeshe."

Baba Pacha akaonyesha ndoo. Akafungua mdomo. "Sa… sa…" Ikagoma. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kulia kushoto, kulia kushoto. Miezi mitatu alikuwa hajakataa kitu, na sasa amekataa.

Ukutani kukatokea kichwa cha jirani, mama fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Sista! Umewaua nyungunyungu! Hao ndio wanakulimia bure, halafu wewe unawamwagia dawa ya choo?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sista aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini ndani yake kulikuwa na ngoma inapigwa. Jioni ile aliketi mezani na daftari jipya, akaandika jina la mgonjwa, tarehe, na chini yake dawa: kosa moja, kutwa mara moja, asubuhi kabla ya chai.

Akaanza tiba. Jumatatu akapanda vitunguu mizizi ikiangalia juu. Ko, ko! Akaandika: "Amegonga mara mbili." Jumanne akamwagilia saa sita, jua la utosi. Amegonga mara nne, amekunja uso. Jumatano, kwa kujaribu tu, alifanya kila kitu sawasawa, na mzee akakaa kimya, akasinzia. Alhamisi akachomeka alizeti katikati ya mchicha, zikabanana kama watu kwenye foleni. Hapo Baba Pacha alishika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja na kujivuta juu, makalio yakaachana na kiti, na neno likatoka kama chafya: "Siyo!"

Ungemwona Sista. Alikuwa amempa mgongo, kavaa kofia ya majani, anajifanya hasikii. Machozi yalikuwa yanadondokea alizeti.

Sasa, mtu hawezi kukosea kila siku kwa ufundi bila kujua lililo sahihi. Hilo nalo alilifanyia kazi. Kwa mama fundi cherehani alienda kila alasiri na maswali yake kwenye karatasi, na yule mama, kazi mikononi na pini mdomoni, alimfundisha: maji kidogo, asubuhi au jioni, shinani na si majani, mbegu ndogo usizizike, zifunike tu, samadi mbichi inaunguza. Sista akachagua kona nyuma ya tangi la maji, ubavuni mwa jiko, ambapo dirisha la sebule halifiki. Pale akatengeneza tuta moja la siri. Dirishani bustani ya makosa, nyuma ya tangi bustani ya kweli.

Wiki ya kwanza, kimya. Alikuwa akienda kuichungulia kila nusu saa kama ana mgonjwa mahututi. Mara mbili alifukua mbegu ili aone kama zinapumua, na mara mbili mama fundi cherehani alimfokea. Halafu asubuhi moja akakuta ardhi imepasuka nyuzi nyuzi, na ndani ya nyufa vichwa vidogo vyekundu, mamia. Mchicha! Akachuchumaa mpaka magoti yakagoma kunyooka. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasiondoke. Hiki kilikuwa kitu kinakuja chenyewe, na yeye ndiye aliyekiita. Alijisikia fahari ya waziwazi, akamwita mama fundi cherehani aje aone, na mama fundi akaja na shati la watu mkononi. Mimi namvulia kofia mtu wa umri ule anayekubali kuwa wa mwisho darasani, tena kwa furaha.

Ila dawa yoyote mwili huizoea. Mwezi wa tano wa ugonjwa ulipokuwa unaishia, Baba Pacha alikuwa akigonga mara moja, kivivu, anarudi kukaa. Siku moja Sista alizidisha. Alipanda mche wa nyanya kichwa chini, mizizi hewani, inapepea. Mzee akamtazama muda mrefu kwa jicho la mashaka. Kisha akasema, taratibu, "Sawa."

Neno lile lilimchoma kuliko matusi. Alhamisi binti wa mazoezi akaupinda mguu, ukapindika nusu. Akatikisa kichwa akiufunga mkoba wake. Sista akaandika kwenye daftari, "Dawa imeshindwa," akalifungia kabatini.

Kesho yake hakupanga kosa lolote. Miche ya nyanya nyuma ya tangi ilikuwa imekua, inataka nafasi, na siri haikuwa na maana tena. Chini ya kamba ya kuanikia kulikuwa na kisiki kikavu chenye miiba, kile kilichomchania sare miaka nenda rudi. Akaona hapo panafaa. Akainua jembe bila hata kuangalia dirishani.

Akasikia mlango wa nyuma.

Baba Pacha alikuwa kizingitini, amesimama. Akashika ukuta. Akaburuta mguu wa kulia, akaweka wa kushoto. Mwili mzima wa Sista ulitaka kukimbia kumdaka, lakini uuguzi una siku za kushika na siku za kuacha, na yeye alijua kuzitofautisha. Akabaki palepale na jembe lake, anahesabu kimoyomoyo. Tano. Nane. Hatua ya kumi na moja Baba Pacha akafika kwenye nguzo ya kamba, anahema, jasho linamtiririka, akaukamata mpini wa jembe kwa mkono wa kushoto.

"Hapana."

Sauti ilikuwa ileile ya kubishana na redio.

"Ni mti mkavu huu, Baba Pacha."

"Hapana!" Akaukwangua ule mti kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa na kijani kibichi. Kisha akasema, "Mkanda."

Sista akadhani suruali inamporomoka, akanyoosha mkono kumkazia mkanda. Baba Pacha akamchapa kidole. "Mkanda. Wako."

Hapo ndipo kumbukumbu ikamjia Sista, na haikumhurumia. Siku aliyofanywa msimamizi wa wodi alirudi nyumbani mchana, amefunga kiunoni mkanda mwekundu wa cheo. Baba Pacha alikuwa amepiga magoti hapahapa, anapanda kijiti cha waridi jekundu alichokikata hospitali. Yeye alipita akasema, "Usinichanie sare na hiyo miiba yako," akaenda kulala. Na lile ua jekundu kwenye glasi, mezani, alilolikuta asubuhi nyingi sana akitoka zamu? Miaka kumi na moja alidhani ni masalio ya bustani ya hospitali, na hakuwahi kuuliza. Jembe likamtoka mkononi. Aliona aibu, akaona na mapenzi, vyote kwa pamoja, mpaka akakosa pa kutazama.

"Nisamehe, baba watoto," akasema.

Baba Pacha hakuwa na habari na msamaha. Alitaka kivuli. Akaegemea bega la mkewe, wakaenda mdogo mdogo hadi nyuma ya tangi, na pale akasimama ghafla. Mbele yake mchicha umejaa, mpana, umenyooka; nyanya zina afya; alizeti mbili zimefungua uso pembeni, kila moja na nafasi yake. Hakuna aliyebanwa, hakuna aliyelowa.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

Akautazama mchicha. Akageuka kuitazama kona ya nyumba, kule kwenye dirisha alilogonga miezi miwili mpaka vidole vikaota sugu. Akamtazama Sista. Mdomo ukaanza kwenda upande, mabega yakatikisika, na Baba Pacha akacheka, kicheko kilichopinda, kirefu, mpaka mama fundi cherehani akasimamisha cherehani yake ng'ambo ya ukuta.

"Mwongo," akasema.

"Abee," Sista akaitika.